Kalenda ya Ciril Iko kwa Silva

Asubuhi ya Januari, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa, na Silva Kepic anakatiza uwanja wa kanisa, ngazi begani, brashi ya waya mkononi. Kila anayepishana naye anashika kifungo cha koti lake mwenyewe. Msafisha mabomba ya moshi huleta bahati kwa anayeshika kifungo akimwona, na hapa kijijini Podstena bahati haikataliwi.

Mlangoni mwa nyumba yake ya wageni, Ciril naye anashika kifungo, kwa kificho, macho kayatupa pembeni.

"Shika na cha suruali, shemeji," Silva anamwambia. "Bomba lako litabaki vilevile."

"Kalenda yangu iko wapi?"

"Iko kwangu. Haijambo."

Silva, mwenye umri wa miaka 51, alirithi kazi hii kwa baba yake. Kila Desemba hupita nyumba kwa nyumba akigawa kalenda yenye picha ya msafishaji aliyejaa masizi. Watu huitundika jikoni, na wengi hawaamini kwamba mwaka umeanza mpaka waione ukutani.

Mzozo ulianza vuli iliyopita. Silva aliingiza mkono katika bomba la Ciril, ambaye ni ndugu wa mumewe, ukatoka na lami nyeusi inayong'aa. Ciril alikuwa akichoma kuni mbichi pamoja na makabati ya zamani yaliyopakwa rangi, na moshi wake ndio huacha lami hiyo.

"Nilimwambia aache," anasema Silva. "Akanijibu moshi haudai nauli, utakwenda zake tu."

Lakini majira ya baridi moshi hauendi kokote. Hewa baridi hulala bondeni, ya joto huifunika kwa juu kama kifuniko cha sufuria, na wiki nzima hupita bila upepo. Wa mlimani wanaota jua. Sisi wa chini tunakula moshi wa jirani. Chekechea inayotazamana na nyumba ya Ciril haijafungua madirisha tangu Krismasi.

Kwa hiyo Desemba ilipofika, Silva aliupita mlango wa shemeji yake bila kumpa kalenda. Msumari wa kalenda ukabaki mtupu mbele ya wageni wa Ciril. Ciril akatangaza kwamba amefungiwa bahati, na nyumba kumi na moja zikasimama upande wake, zikaita msafishaji kutoka mjini. Silva anasema hiyo ni karibu robo ya kipato chake cha msimu.

Nyumbani nako hakukukalika. Mama mkwe, Bi Terezija, alizungusha mkate wake wa kokwa za jozi mezani akamruka mkaza mwana. "Nikajikatia mwenyewe," anasema Silva. "Kipande kinene."

Mumewe, Bojan, alimsihi ampe tu ndugu yake, kwani kalenda ni karatasi.

"Nikamuuliza, kama ni karatasi, huyo mtu mzima analilia nini?"

Silva hafichi kwamba inamuuma. Baadhi ya wateja waliomwacha alisoma nao. Ila kurudi nyuma hataki kusikia.

"Wananiita mwenye kiburi. Sawa. Mimi ndiye ninayejua kilichomo ndani ya mabomba yao, na hewa ninayovuta ni hiyohiyo. Nikitundika bahati chini ya uchafu ule, nitawatazamaje watoto wa pale ng'ambo?"

Wiki iliyopita, akiwa juu ya paa la chekechea, aliona kitu nyuma ya nyumba ya wageni. Rundo jipya la kuni za mti mgumu, zimepasuliwa, zimepangwa chini ya kibanda upande wa jua. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

"Kuni zile zinataka kiangazi kizima zikauke, na shemeji yangu anataka viwili," anasema, akicheka.

Kalenda ya mwaka huu ameiweka kabatini, na ya mwakani anapanga kuiweka juu yake. Vuli ikirudi atapanda tena paa la Ciril, aitwe asiitwe.

"Nitaingiza mkono. Ukitoka mkavu, nitamtundikia kalenda mwenyewe, na nyundo nitakuja nayo. Ukitoka na lami, nitaufutia mlangoni pake."