Vidonge Vilivyotupwa Chooni

Wanawake waliokausha ndagala, dagaa wa ziwa, ufukweni Rumonge walimtania Jovita kwamba pua yake ilikufa huko Tanzania, katika kambi ya wakimbizi alikozaliwa. Wenzake walijifunga vitambaa puani jua likipanda, yeye alipita kati ya vitanda vya waya akigeuza samaki kwa mikono mitupu, akiimba. Harufu ya ndagala ilimlisha tangu wazazi wake waliporudi Burundi; angeichukiaje? Kilichomtia kinyaa ni watu.

Kinyaa hicho kilianza na mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa na mgongo wazi, chini karibu na kiuno, nyama nyekundu imefunikwa na ngozi nyembamba kama utando wa maziwa. Majirani walikuja kutoa pole wamevaa vitenge vya kanisani, na pole zenyewe hazijawatoka vizuri mdomoni wakaanza: hebu mgeuze kidogo tuone. Speciosa, mama mkwe wake, akamgeuza. Aliwaonyesha mjukuu wake kama mtu anayeonyesha nguo iliyotoboka, kisha akakipaka kidonda mawese ili kijifunge. Mawese, kwenye mgongo wa kichanga! Mtoto hakumaliza mwezi.

Matanga hayajaanuliwa, ikasemwa kwamba Jovita aliruka wavu akiwa na mimba, ndiyo maana. Ufuko mzima umetandazwa nyavu, mtu apite wapi, hewani? Lakini wale wale waliokula wali wa msiba ndio waliolitembeza neno hilo hadi Magara. Ptu!

Alipotaka mtoto mwingine, Jovita hakumwuliza mtu wa ukweni. Alikwenda kwa Anastasie, muuguzi wa zahanati, mama mmoja wa Kivu aliyehamia pwani hii zamani.

"Sikia, dada," Anastasie alimwambia. "Mutoto anaanza bapa, kama chapati. Katikati kunaingia mufereji, kingo zinanyanyuka, zinakutana, zinashikana, inakuwa murija. Ule murija ndiyo ubongo kule juu, na huku chini ndiyo neva za mugongo. Inaanza kujifunga shingoni, inaenda juu na chini. Wa kwako haikujifunga kule chini. Na kazi hiyo yote inaisha mbele ya mwezi wa kwanza kwisha, wewe mwenyewe hata hujajua kama uko na mimba. Sasa wavu inaingia wapi humo?"

Jovita alilia pale pale kwenye benchi. Si kwa huzuni. Alilia kwa hasira, kwa miaka yote aliyokuwa akizunguka nyavu kama mwizi.

Anastasie akampa vidonge vidogo vya njano, asidi foliki. Amwambie mumewe, na yeye mwenyewe aanze kuvimeza sasa hivi, kabla ya mimba. Havizuii kila kitu, lakini vinapunguza sana hatari ya mgongo kubaki wazi. Jovita akamwambia Karoli, na Karoli akaitikia, akasema ni sawa.

Pwani ile mimba hufichwa mpaka tumbo lijiseme lenyewe, na zahanati huendewa baada ya hapo. Kwa hiyo Speciosa alipokuta vidonge ndani ya kitenge cha mkamwana asiye na tumbo, hakuwa na haja ya kuuliza. Aliwaita akina mama wa kanisa, akaita na mwanawe.

"Mbona ninangoja mujukuu, kumbe iko anafunga uzazi!" alipiga kelele. "Karoli, angalia dawa ya muke wako!"

"Mabukwe, si vya kuzuia," Jovita alimwambia mama mkwe wake. "Ni vya kumsaidia mtoto. Karoli anajua. Karoli, waambie."

Karoli, mwanamume anayevuta nyavu za ziwa zima, aliangalia vidole vya miguu yake. Mama yake akavimwaga vidonge chooni, na kina mama wakasema amina. Jovita alimtazama mumewe kwa kinyaa kile kile. Usiku alilala naye, maana yeye pia alimtaka mtoto, na hilo lilimchukiza kuliko yote. Kurudi kwa Anastasie hakukuwezekana: Speciosa alimfuata mpaka kisimani.

Ndipo asubuhi moja, ameinama juu ya kitanda cha waya, harufu ya ndagala ikamfikia. Ilimpiga kweli kweli, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akatapika juu ya samaki. Wenzake wakapiga vigelegele, siri ya mimba imeshafichuka mbele ya wote, na kabla hajafuta mdomo Speciosa alikuwa amemshika mkono, anamkokota zahanati kama anayepeleka zawadi.

Anastasie alimpima, akakuta mimba. Speciosa aliomba dawa za wajawazito kwa sauti ya kusikika barabarani, akapewa, akachomoa kidonge kimoja, akamnyooshea mkamwana wake.

"Meza, mukazana. Sasa ndiyo wakati yake."

Kilikuwa kile kile, kidogo, cha njano. Jovita alimtazama Anastasie, naye Anastasie akayakwepa macho yake.

"Mabukwe, mgongo umeshajifunga," Jovita alisema polepole. "Au haukujifunga. Hiki nilikitaka kabla."

"Mambo yenu ya Tanzania! Meza, mutoto wetu apate nguvu."

Akameza. Kikarudi papo hapo pamoja na uji wa asubuhi, miguuni pa Speciosa, naye Speciosa akapiga kigelegele.