Mpira wa Mama Angélique katika Barabara ya Bambu

Saa kumi na mbili asubuhi, Mudzipela, mtaa wa mji wa Bunia. Mvua imekatika, lakini barabara bado inatiririka. Angélique, mwenye miaka hamsini na minne, amelala chali juu ya gunia chini ya jipu kuukuu, akifunga kipande cha mpira nyuma ya gurudumu la mbele.

Kipande hicho, kilichokatwa kutoka tairi la lori, huzuia tope lisirukie injini. Kingine, kipana kama aproni, hufunika rejeta gari linapovuka maji.

"Mama Gentille, unavalishaka moteri kuliko vile muke yangu ananivalishaka miye," anasema Lambert, dereva wa jipu hilo.

"Muke yako hana sindano. Nipe ile waya."

Anatabasamu kidogo tu. Leo jipu linaenda Bambu kumchukua Gentille, binti yake, ambaye mumewe anachimba dhahabu huko. Mimba imetimia miezi tisa, mtoto amekaa vibaya tumboni, na muuguzi amesema lazima ajifungulie hospitalini Bunia. Njiani kuna kijito kinachofurika kila mvua inaponyesha.

Angélique alikuwa fundi cherehani kijijini kwao, Djugu. Miaka saba iliyopita alikimbia vita na watoto wanne, cherehani ikabaki. Mjini, Lambert ndiye aliyempa kazi ya kwanza: kushona viti vya gari vilivyochanika. Baadaye wakajaribu mpira wa kukinga injini.

Mwaka jana alikosea. Kwa mazoea ya mshonaji asiyeacha pindo wazi, aliikaza ile aproni ya rejeta pande zote kwa waya. Maji hayakuingia. Lakini baada ya kuvuka haikufunguka, upepo haukupita, injini ikachemka. Mzee mgonjwa aliyekuwa ndani alikwama njiani kwa muda wa saa sita.

"Nililia," anasema. "Yule muzee angekufa, ni sindano yangu ingemuua."

Mzee alipona. Lambert hakumwambia mtu yeyote kosa lilikuwa la nani. Alimrudishia ule mpira, akiwa ameshauosha tope.

"Iko muzuri, Mama," alimwambia. "Lakini moteri nayo inapumuaka."

Tangu hapo, aproni hushikiliwa na mikanda miwili ya mpira wa baiskeli. Dereva akishavuka, huifungua na kuikunja juu. Pindo la chini liko wazi.

"Ukivuka, utafanya nini?" Angélique anauliza kwa mara ya tatu.

"Nitaikunja, Mama."

"Kwanza, mbele ya kusalimia watu?"

"Mbele ya kusalimia watu."

Jipu linaondoka. Angélique anabaki mlangoni, akikata mpira ambao hakuna aliyeuagiza.

Saa tisa alasiri linarudi, limejaa tope hadi madirishani. Gentille ameketi mbele, amefunikwa koti la Lambert. Mama anamshika mkono, anauweka shavuni mwake. Kisha anamgeukia dereva.

"Fungua kapo."

Lambert anainua kifuniko cha injini. Angélique anapitisha kiganja juu ya dinamo. Kinatoka na vumbi, kikavu.

"Haya, panda, twende hospitali," Lambert anamwambia kwa upole.

Majipu mengine matatu hupita barabara hiyo. Angélique ameshakata mipira ya yote, na anataka kuifunga kabla mvua hazijazidi.

"Kila moja inabebaka mutoto wa mutu," anasema, akipanda kando ya binti yake, sindano bado imechomekwa kwenye kilemba.