Fundichuma na Nguo ya Mama

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mwenyewe, kijijini Bukima, kando ya ziwa, miaka ile ya uhaba, madukani ilipobaki mizani tu.

Nguo ilikuwa haipatikani. Sisi tuliolima pamba ndio tulivaa viraka! Aliyefiwa tu ndiye alipewa barua na balozi wa nyumba kumi, akaenda duka la kijiji kupimiwa sanda. Binti yangu Rhoda alikuwa anakaribia komunyo ya kwanza, hana gauni. Basi nikamwendea balozi nikilia, nikamwambia mama yangu amefariki kule Butiama. Mama alikuwa mzima, anapalilia mihogo yake. Nikapewa marekani, kitambaa cheupe cha sanda, nikamshonea Rhoda gauni.

Mwezi haukuisha, mama akafa kweli. Nikarudi kwa balozi.

"Mama Rhoda," akaniuliza, "huyo mama yako anakufaga mara ngapi?"

Tulimzika ndani ya gunia la pamba. Gauni lilikuwemo sandukuni kwangu na sikulitoa. Niseme nini?

Jumatatu baada ya komunyo nikaenda ziwani kulifua kwa majani ya mpapai, maana sabuni nayo hakuna. Nikalianika juu ya jiwe. Mchana kweupe, niamini. Kwenye maji ya kina kifupi nikaona bibi mmoja amevaa kahawia, kanipa mgongo. Anakokota mguu kwenye tope, anasimama, anakokota tena, vile fundichuma anavyotafuta vyura. Unamjua ndege yule, wa kahawia, kisogo kimechongoka mpaka kichwa kinakuwa kama nyundo?

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "nguo yangu imekauka?"

Sauti ya mama. Ningeikosea vipi? Nilitaka kumwomba msamaha. Akageuza kichwa, na kisogo kilikuwa kile cha nyundo. Nikafumba macho. Nilipofumbua, jiwe lilikuwa tupu, na fundichuma alikuwa anaruka kuelekea mkuyuni, kitu cheupe kikining'inia mdomoni.

Kiota chake ni kikubwa, mtu mzima anaweza kukikalia, na hukijaza matambara. Kwetu hakuna anayethubutu kukivunja, kwa kuogopa mkosi. Pindo la gauni lilining'inia pale mpaka likaoza.

Siku hizi nguo zimejaa. Pale sokoni Nyasho mitumba inamwagwa chini, watu wanaikanyaga. Nikiiona naichukia miaka ile, na najichukia mimi zaidi. Rhoda ana watoto, na hajui kwa nini sijahudhuria komunyo ya mjukuu hata mmoja.

Na wewe unayeomba ruhusa kazini ukisema umefiwa na mama, na mama yupo, acha. Nenda kamsalimie leo. Mimi wangu kila asubuhi yuko pale ufukweni, anakokota mguu, na bado sijamjibu.