Pakiti Isiyo na Picha ya Mtoto

Mama Pacha alikuwa na mdomo wa kuuza na miguu ya kutembea, na kazi yake ilitaka vyote viwili. Alisambaza madukani tishu zenye unyevu, zile za kufutia watoto, kwa niaba ya kiwanda kidogo. Mtaa aliopewa wenzake walikuwa wameukimbia. Wenye maduka walimwambia akina mama wa huku wana maji na kitambaa, wala hakuwalaumu. Pacha wake mwenyewe aliwalea hivyohivyo.

Duka moja tu lilimpa moyo. Mwenye duka, mwanamke mcheshi, alimweleza kwamba mnunuzi wake mkubwa ni fundi cherehani wa jirani, kapera mwenye mvi. Mtaa mzima ulishaamua kwamba ana mtoto wa siri mahali. Fundi aliwaacha wacheke.

Siku walipokutana pale, fundi alimvuta pembeni akauliza kama kiwanda kina tishu zisizo na manukato. Mama Pacha akataka kujua mtoto ana umri gani. Fundi akainamisha macho.

"Si mtoto, dada. Ni mama yangu."

Akamkaribisha nyumbani ajionee. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, amelala kwenye shuka lililonyooshwa vizuri. Bomba la maji lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kumgeuza mgonjwa huku ukihangaika na ndoo si kazi ya mtu mmoja. Tishu zilimsaidia fundi, ila zilikuwa ndogo kama kiganja, na manukato yalimchoma mama pale mgongo ulipochubuka.

Kesho yake alimwomba meneja watengeneze tishu pana zisizo na harufu. Meneja, muungwana asiyependa usumbufu, alijibu kwamba soko lao ni watoto, na picha ya mtoto ndiyo inayouza pakiti. Kikao kilichofuata akaomba tena, na kilichofuata pia, mpaka wenzake wakawa wanaguna kabla hajafungua mdomo. Mwishowe meneja alichoka.

"Niletee wateja, basi. Maneno nimeyasikia."

Mama Pacha akaenda kusimama langoni mwa hospitali, saa za kuona wagonjwa, akiongea na waliobeba mabeseni na chupa za chai. Walikuwa wagumu kusema; kumsafisha mzazi ni jambo la ndani. Ikabidi aanze yeye, akisimulia alivyomuuguza marehemu baba yake, nao wakafunguka. Kisha akawarudia wenye maduka, mmoja mmoja, mpaka wakakubali kuagiza. Kwa ruhusa ya fundi mwenyewe, Mama Pacha alimweleza yule mwenye duka mcheshi ukweli wa zile tishu, na utani ukakoma siku hiyohiyo.

Mzigo wa kwanza ukatoka: tishu pana, pakiti nyeupe iliyoandikwa "Kwa Wazee Wetu". Mama Pacha akampelekea fundi kwa mkono wake. Mama mgonjwa akaisogeza karibu na macho, akasoma polepole, ulimi ukimsumbua.

"Mzee nani hapa?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama akachomoa tishu kwa ule mkono mzima, akajifuta uso mwenyewe, taratibu, wala hakusema imemchoma.

Mchana huohuo Mama Pacha alirudi kiwandani kudai yale maandishi yabadilishwe. Meneja alipomwona mlangoni alimvutia kiti, maana alijua haondoki.