Ng'ombe Aliyefugishwa Ng'ambo

Baba yangu hakumuuza yule ng'ombe kwa sababu ya njaa. Alimuuza kwa sababu ya mdomo wangu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Alikuwa wa uzao wa mahari yangu. Wale walioletwa nilipoolewa walishakwisha, wengine kwa ada za wadogo zangu, wengine kwenye msiba wa mama. Akabaki huyu mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Baba anaishi peke yake Butiama, magoti yamemgomea, na wezi wa mifugo walikuwa wameshapita kwa jirani. Alikuwa akimwita "ng'ombe wako", kana kwamba nilikuwa namchunga mimi kutoka dukani kwangu Musoma, katikati ya vitenge.

Wakati huo nilikuwa nimeshaingia kwenye mfuko wa uwekezaji. Watu wengi mnachanga, meneja anawanunulia hisa za makampuni ya nje, ya dawa, ya simu, ya vinywaji, na kila mmoja anakuwa na vipande vyake. Nilikuwa na wazimu wa mtu aliyeokoka jana. Mteja akija kupima kitenge, anaondoka amehubiriwa. Nikamhubiria na baba.

"Kwa hiyo namfugisha," akasema.

Kwetu ng'ombe wote hawakai zizi moja. Unampeleka mmoja kwa rafiki kijiji kingine, rafiki anamfuga na kunywa maziwa, ndama wanakuwa wako. Ugonjwa ukiingia kwako, yule amepona. Akifa huko, mfugaji anakuletea ngozi, ujue kwamba hakumuuza. Nikamjibu ndiyo baba, ni kufugisha tu. Ningejua, ningetafuta mfano mwingine.

Jirani ndiye aliyempeleka mnadani Bunda. Baba alisingizia magoti. Hela zake nikamnunulia vipande kwenye mfuko.

Kuanzia hapo kila mwisho wa mwezi nikawa napita soko la Mwigobero kununua furu wakavu, samaki anaowapenda, kisha nakwenda Butiama. Namwamkia, anaitikia, na hata sijakaa ananiuliza, "Ng'ombe wako anaendeleaje huko?" Nafungua simu namsomea. Bei ya kipande ikipanda, anawaambia majirani kwamba amezaa.

Halafu bei ikaanza kushuka. Ikashuka mwezi huu, ikashuka na uliofuata. Safari hiyo nilibeba furu wengi kuliko kawaida, nikamweleza nikiwa naangalia chini.

Baba akaniuliza, "Ngozi iko wapi?"

"Hakuna ngozi, baba. Hajafa. Amekonda, wamekonda wote dunia nzima."

"Huyo meneja anakunywaga maziwa?"

"Anakata ada yake, ndiyo."

"Hata sasa hivi, ng'ombe amekonda hivyo?"

"Hata sasa hivi."

"Basi alete ngozi."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nimezirithi kwake. Nikamwambia kampuni ya simu haichunwi. Akaniambia basi na mimi nisimchune yeye. Tukala ugali kila mtu anatazama upande wake.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Yule ndiye alikuwa wa mwisho wa mahari yangu, ambaye baba alikuwa akimtazama kila asubuhi akipiga mswaki, na mimi nilikuwa nimemgeuza namba ndani ya simu. Akipotea, hata nikinunua ng'ombe mwingine mzuri vipi, baba hatamwita wangu.

Ilichukua muda, lakini bei ilirudi, ikapita hata pale tulipoanzia. Nikasema hapana, sichezi tena na moyo wa mzee. Nikaenda Butiama, nikamkuta anamenya mihogo karibu na zizi tupu.

"Baba, amepona na amezidi. Nitoe hela leo. Nimeona mtamba Nyegina, mwekundu, mpaka na baka analo. Mchungaji nitamlipa mimi."

Nilidhani atafurahi. Akaendelea kumenya.

"Mwache huko huko," akasema.

"Si wewe uliyetaka ngozi?"

"Nilikuwa na hasira." Akaweka kisu chini, akafungua mfuko wa furu, akanusa, akaufunga. "Ng'ombe alipokuwa hapa zizini, ulikuwaga unakuja Krismasi. Tangu aende ng'ambo, unakujaga kila mwezi. Ukimrudisha, mama, utakujaga kuniletea habari ya nani?"

Anapenda kuniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikavuta kigoda karibu naye, nikafungua simu, nikamsomea makampuni yote kuanzia la kwanza, naye akawa ananiuliza hali ya kila moja.