Mashine ya Mbwa Kichwani kwa Mama

Kazi yangu ni kunyoa mbwa. Nikisema hivyo mbele ya watu wa kwetu wanacheka kwanza, halafu wanauliza kama kweli kuna mtu mwenye akili timamu anayempeleka mbwa kwa kinyozi. Wapo, tena wengi, huko Milimani na Riat, na mbwa wao wana manyoya mengi kuliko joto la Kisumu linavyoruhusu. Mashine yangu ninaitunza kuliko simu. Nikimaliza mbwa mmoja nafungua meno ya mashine, nayapiga brashi mpaka unywele wa mwisho utoke, nayachovya kwenye spiriti, nayakausha, kisha natia matone ya mafuta ya cherehani na kuiacha mashine ivume kidogo ili mafuta yaenee. Katikati ya kazi naigusisha mkononi mwangu, upande wa ndani, pale ngozi ilipo laini. Ikinichoma mimi itamchoma na mbwa, na mbwa hana mdomo wa kunishtaki.

Jambo jingine nililojifunza ni kusoma ngozi. Mwenye mbwa atakuapia kwamba mnyama wake hana tatizo, ukipitisha mashine unakuta kidonda kimeoza kwapani, au alama ya waya shingoni. Kovu la jeraha lililoshonwa ni mstari mwembamba wenye vidoti pembeni. Jeraha lililojiponea lenyewe huacha kovu pana, linang'aa, na nywele hazirudi hapo tena. Nimegombana na matajiri kadhaa kwa sababu ya makovu ya aina hiyo ya pili. Mdomo ninao, na siwezi kunyamaza nikiona kiumbe kimepigwa.

Baba alipofariki mwaka jana, mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu wake mazishini. Sisi watoto tulilelewa naye Kaloleni, hapa Kisumu, yeye akifanya kazi bandarini, Mama akibaki nyumbani Uyoma kuangalia shamba na ng'ombe. Familia nyingi za kwetu ziliishi hivyo. Baba alinipikia uji, alinipigia viatu rangi, alinifundisha kusoma saa, na hakuwahi kuniinulia mkono. Kila mwisho wa mwezi alikwenda nyumbani peke yake Ijumaa, akarudi Jumapili na samaki, viazi na salamu za Mama. Likizo tulikwenda sote, na likizo zilikuwa za amani. Hayo yote niliyasema kwenye kipaza sauti, nikaongeza kwamba sijapata kuona mwanamume mpole kama yeye. Watu waliitikia amina. Mama alikaa kando ya jeneza, kitambaa cheusi kichwani, akinitazama bila kupepesa macho.

Siku ya nne baada ya mazishi, kwa desturi yetu, waliofiwa hunyolewa. Zamani wembe mmoja ulizunguka kichwa hadi kichwa. Siku hizi wengine hawanyoi kabisa, wanasema wameokoka; sisi bado tunanyoa, ila hakuna anayetaka kuchangia wembe. Kwa hiyo nilibeba mashine yangu, na meno mapya ambayo hayakuwahi kugusa mbwa. Niliyafungua kwenye pakiti mbele ya watu wote ili nisisumbuliwe, na bado nilisumbuliwa. Shangazi yangu, dada yake Baba, ambaye sisi kwa Kijaluo humwita waya, alisimama katikati ya boma mikono kiunoni.

"Hiyo kitu imetembea kwa mgongo ya mbwa," alisema. "Sasa unataka itembee kwa kichwa ya mama yako? Wacha mimi nimnyoe na wembe, ndani ya nyumba, mlango imefungwa. Mimi ni mjane, yeye ni mjane. Hiyo ndio desturi."

"Waya, meno ni mapya. Si umeona?"

"Juu ni mapya. Chini ni mbwa tu!"

Watu walicheka, nami nilijiweka tayari kwa vita. Lakini Mama, ambaye tangu mazishi alikuwa hajasema maneno kumi, aliinuka, akabeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka mbele yangu palipokuwa na mwanga.

"Wacheni kelele," alisema. "Huyu msichana wangu ndio atanyoa mimi. Na mashine yake."

"Nyar Alego," waya alimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, sauti imeshuka, "fikiria vizuri."

"Nimefikiria miaka mingi." Akafungua kitambaa.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kuona kichwa cha mama yangu kikiwa wazi mchana. Sikuzote kilikuwa na kitambaa, na nywele alizisuka mwenyewe, nene, zimelala kurudi nyuma. Waya alikata shungi la kwanza kwa wembe, kama mila inavyotaka, kisha akarudi nyuma haraka. Nilidhani bado amenikasirikia. Kisha nikawasha mashine.

Nilianza kisogoni, nikivuta ngozi kwa mkono wa kushoto ili meno yasiume. Baada ya inchi mbili mashine iliruka. Nilidhani ni fundo la nywele. Nikapuliza, nikaona kovu pana, linang'aa, limelala mshazari. Nikaendelea juu ya sikio, nikakuta la pili. Utosini lilikuwepo la tatu, refu kama kidole changu cha kati, na kando yake mfupa ulikuwa umebonyea kidogo. Hakuna hata moja lililowahi kushonwa. Moja lilikuwa la zamani sana, jingine si la zamani hivyo. Mtu akianguka ataanguka mara moja. Haanguki kisogoni mwaka huu na utosini mwaka mwingine. Nilishika bega la Mama.

"Mama, hii ni nini?"

Hakugeuka. Alijibu kwa sauti ile ile anayotumia kuniuliza kama nimekula.

"Hiyo ya nyuma ni ule mwezi wewe ulianza shule ya nasari. Hiyo ya juu ya sikio, hiyo Jumapili baba yenu alirudi kwenu na papai kubwa. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Tulikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu Kaloleni, naye akatoa mbegu kwa vidole, akanipa kipande kikubwa kuliko vya wengine. Nilikumbuka hata nilivyojilamba mpaka kwenye kiwiko.

"Na hii ya juu?"

"Mpini ya jembe. Ulikuwa umepasi mtihani ya darasa la nane. Alikuja kunipatia habari, nikamuuliza karo ya wadogo wako itatoka wapi."

Nilimsikia Mama akivuta pumzi kwa meno. "Zima. Inanichoma."

Nilikuwa nimeacha mashine ikivuma mahali pamoja, imelalia ngozi yake. Mimi ambaye sijawahi kumchoma hata mbwa mkali, nimemchoma mama yangu! Nilizima, nikaona alama nyekundu chini ya kovu, na hapo hasira ikanipanda, nikamgeukia waya.

"Wewe ulijua?"

Waya alikuwa amekaa chini mchangani, miguu ameinyoosha. "Nilimwambia awache. Mara ngapi nilimwambia! Mimi ni dada tu, ningefanya nini?"

"Kwa hivyo si mbwa ulikuwa unaogopa."

Waya alichota mchanga kwa vidole. Binamu zangu waliokuwa wakingoja zamu walijifanya kutazama kuku.

"Na wewe Mama," nilisema, na sasa nilikuwa nalia kwa sauti, "mbona uliniacha nisome vile nilisoma? Mbele ya watu wote?"

"Ulisoma baba yako vile unamjua," alisema. "Alikuwa mtu mzuri sana, huyo ulisoma. Hata mimi nilikaa pale nikatamani ningemjua."

Mama aliniambia nipoze mashine nimalize, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda na wengine walikuwa wanangoja. Nilifungua meno, nikapiga brashi, nikatia mafuta, na mengi yalimwagika kwenye vidole. Niliigusisha mkononi mwangu mara mbili. Kisha nikamnyoa mama yangu mpaka mwisho, polepole, nikizunguka kila kovu. Waya alipomletea kitambaa, Mama aliusukuma mkono wake.

Nilimpenda Baba. Nikisema ukweli bado nampenda, na nikikumbuka lile papai naona aibu.

Jumapili Mama alikwenda kanisani kichwa wazi. Kina mama wa kanisa, waliokuwa wameimba juu ya jeneza wiki ile ile, walimpokea mlangoni, na mmoja akavua leso yake haraka amfunike. Mama alimshukuru, akaikunja vizuri, akamrudishia. Akaenda kukaa benchi la mbele kabisa, kanisa zima likiwa nyuma yake. Mimi nilikaa benchi la pili. Wimbo ulipoanza sauti zilikuwa chache, tena zikikatika, na mimi sikuweza hata kufungua kinywa. Nilitazama sakafu kwa sababu ningeinua macho ningekiona kisogo chake.

Katikati ya ubeti wa pili Mama aligeuka, akanitazama usoni.

"Imba," aliniambia.