Tangi la Kaka Baridi

Kaka yangu alikuwa fundi wa mafriji, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Jina lilimfaa kwa kazi na kwa moyo, maana sikumbuki akimfokea mtu. Mteja akija amefura kwamba barafu yake haigandi, kaka alimpa kiti kwanza, akamsikiliza mpaka apoe, ndipo alipoigeukia friji. Mungu amemchukua. Tunashukuru kwa yote, ingawa mimi bado nashukuru kwa shida.

Moyo wake ulipoanza kuchoka, daktari alimkataza kubeba vitu vizito. Wifi yangu akamhamishia kitanda sebuleni asije akazeeka akitazama ukuta wa chumbani. Hapo ndipo alipoanza kutaka tangi la maji ya chumvi. Samaki peke yao hawakumtosha. Alitaka matumbawe, yale yanayoota juu ya mawe ya baharini na kufunguka kama maua. Aliwahi kuyaona ofisini kwa mteja alipokwenda kutengeneza kiyoyozi, akasimama na bisibisi mkononi mpaka wakamuuliza kama amekwama.

"Nataka nione moja likifunguka humu ndani kabla sijaitwa," aliniambia.

Nilimwambia aache maneno hayo. Hakuyarudia, lakini nilikuwa nimeshayasikia.

Kuchagua vifaa kukawa ndiyo kazi yake. Muuza samaki wa mapambo alimletea vitu nyumbani, naye akavikagua kama anayeposa. Alikataa tangi refu jembamba, akachukua pana, kwa kuwa maji hupata hewa juu. Pampu aliiwasha na kuiweka sikioni, iliyonguruma aliirudisha. Alichagua taa, kipima chumvi, na chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Wifi alilalamika kwamba friji yake mwenyewe inavuja tangu mwaka jana, na labda naye aote mapezi ndipo atengenezewe.

Kikabaki kifaa cha kupoza maji. Sebule yao ina joto, na matumbawe hayavumilii maji ya moto. Muuzaji alimshauri anunue mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi nimemaliza ujana wangu nikipoza vitu vya watu," alisema, "leo ninunue baridi?"

Akaiunda mwenyewe, ameketi kitandani. Alitoa mashine kwenye friji mbovu, akakunja bomba la shaba mviringo, akalichomelea vizuri na kulizamisha nyuma ya mawe. Hakumwambia muuzaji, kwa sababu alitaka aje ashangae. Maji yakapoa sawasawa. Sikuwa nimemwona akifurahi vile tangu aanze kuumwa.

Samaki waliogelea bila tatizo. Konokono walioletwa kusafisha kioo ndio walioanza kukiachia na kudondoka. Kisha kamba wadogo wakalala ubavu. Tumbawe la kwanza lilipoletwa lilijikunja, likakaa hivyo, likageuka jeupe. Kaka alibadilisha maji, akapunguza taa, akapima chumvi asubuhi na jioni. Sisi tulisali. Hatukuwa na kingine cha kufanya.

Muuzaji alipoitwa alipima kila kitu bila kuona kosa. Ndipo akaondoa jiwe la nyuma.

"Fundi, hii ni shaba?"

"Shaba safi," kaka alisema kwa fahari.

Muuzaji aliketi ukingoni mwa kitanda. Alieleza polepole kwamba chumvi huila shaba, na shaba kidogo tu ndani ya maji huua konokono, kamba na matumbawe. Samaki huivumilia, ndiyo maana hatukuhisi kitu. Kulitoa bomba hakungesaidia sana, kwa sababu mawe na mchanga vilikwisha kuinywa. Ilibidi kuanza upya na kuyasubiri maji yakomae. Kaka aliuliza yatachukua miezi mingapi. Alipojibiwa, wifi aligeukia dirishani.

Nadhani muuzaji naye alielewa, kwa sababu kesho yake mchana alirudi na beseni jeupe, ndani yake maji kutoka dukani na tumbawe moja dogo kama kifuniko cha chupa. Lilikuwa limejifunga. Alisema likitulia litafunguka. Tukaliweka kwenye stuli kando ya kitanda, wifi akavuta pazia, tukalingoja kama tunaomlinda mtoto aliyelala. Sijawahi kumwomba Mungu jambo dogo kiasi kile kwa nguvu kiasi kile. Halikufunguka.

Baada ya muda mrefu kaka akasema, "Limechoka na safari. Lirudishe dukani."

"Liache mpaka kesho, fundi."

"Joto la nyumba hii nalijua. Hapa litakufa bure."

Muuzaji alinitazama, nami nikamtazama wifi. Muuzaji akabeba beseni lake kwa mikono miwili, akatoka.

Kaka alifariki wiki ileile.

Muuzaji alikuja mazishini, akatuvuta pembeni mimi na wifi. Alisema lile tumbawe lilifunguka jioni ileile, mara tu aliporudi nalo. Alishika simu kutaka kupiga, akaiweka, kwa sababu hakujua kama ni habari njema.

Wifi alimuuliza lilikuwa na rangi gani ndani.

"Kijani, mama."

Wifi akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwagawia watu chai.